Watu wa Vyungu na Watu wa Mpunga

Katika ukoo wetu kuna swali moja lisiloulizwa. Nimemlea mtoto wa kaka yangu miaka kumi na tisa bila kumruhusu aliulize. Swali lenyewe ni hili: sisi tulitoka wapi, na tulifika lini.

Mtu asidhani mimi ni mwoga wa maswali. Naitwa Nyirabeza, na tangu utotoni kule Minembwe, kwenye milima ya Kivu Kusini, Kongo, nilijulikana kwa kuuliza. Niliuliza kwa nini ndama huzaliwa macho wazi na mbwa huzaliwa macho yamefumba. Nilimwuliza mchungaji kama Adamu alikuwa na kitovu, nikatolewa nje ya kanisa. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mimi nilitaka kujifunza yote kabla ya chakula cha mchana. Lakini swali hilo moja baba alilikataza tangu vita vya mwaka sitini na nne. Bibi yangu alinifundisha jibu lake kwa siri tukiwa tunakamua, majina ya wazee na mto waliouvuka, kisha akanikanya nisilitoe nje ya zizi.

Kwetu swali hilo haliulizwi ili mtu ajue. Linaulizwa ili mtu afukuzwe, kwa sababu majirani walituita wageni hata pale tulipozaliwa. Mwaka 1996 kaka yangu Karaha alisimamishwa kwenye kizuizi cha barabara, tunachokiita barrière, chini kule bondeni, akaulizwa. Aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni anasema Karaha alijibu kwa adabu. Hatukumwona tena. Mkewe alimfuata kabla ya mwaka kuisha, na mtoto wao Gatera, wa miaka minne, nikambeba mgongoni mpaka Burundi. Huko kambini, alipofika miaka tisa, aliniuliza siku moja, mimi shangazi yake anayeniita tantine: tantine, sisi tulitoka wapi? Nilimpiga kofi. Mpaka leo kofi lile linaniuma mimi kuliko lilivyomuuma yeye.

Sasa Gatera ni mwanamume wa miaka ishirini na mitatu, tunaishi Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani, na mwaka huu wa 2015 alinijia na habari kwamba anataka kuoa. Binti anaitwa Sandrine, walikutana kwenye mkutano wa kwaya. Ni Mushi, mtu wa kabila la Bashi wa Bukavu, familia yake iko Buffalo. Nilifurahi nusu. Nusu nyingine iliganda, maana kati ya watu wetu na watu wa Bukavu yamepita mambo, na kila upande una makaburi yake.

Kisha Sandrine akapiga simu. Alisema baba yake, Balagizi, hana neno, lakini msemaji wa familia ni mjomba wake Cikuru, na huyo amesema ana swali moja tu. Tukilijibu, binti ataitwa sebuleni. Tusipolijibu, tutapewa soda na kurudi kwetu.

"Swali gani?" nikamuuliza.

"Tantine, unalijua," akasema.

Hapo ndipo lazima nikueleze habari za bwana Koga.

Kiwandani kwetu tunatengeneza raba za kuziba milango ya magari. Mwezi wa pili alikuja fundi kutoka Japani kutufundisha kwa miezi sita, mtu mfupi, mwenye kalamu tatu mfukoni. Kiingereza chake kilikuwa kibovu na changu kibovu, kwa hiyo tulielewana vizuri kuliko nilivyoelewana na Wamarekani. Raba zilikuwa zinapasuka kwenye kona. Koga alituita, akasema kwao kosa huulizwa kwa nini mara tano, mpaka mzizi wake uonekane. Kwa nini imepasuka? Imevutwa mno. Kwa nini imevutwa? Ni fupi. Kwa nini ni fupi? Imekatwa ikiwa bado ya moto. Kwa nini ya moto? Feni ya kupozea imezimwa. Kwa nini imezimwa?

Feni niliizima mimi, nilikuwa nasikia baridi. Mwanamke wa Minembwe, kwenye ukungu na barafu ya alfajiri, kushindwa na feni! Niliinua mkono nikitegemea kufukuzwa kazi. Koga aliandika kitu, akaisogeza feni upande wa pili ili isinipige, akaondoka. Kuanzia siku hiyo nilimpenda kama ndugu.

Basi wakati wa chakula nikawa nakaa meza yake na kumuuliza mambo. Alikuwa akila wali kwenye bakuli la udongo alilokuja nalo kutoka kwao, lenye mistari ubavuni. Siku moja, sijui shetani gani alinisukuma, nikamwuliza: ninyi Wajapani, mlitoka wapi?

Nilipolisikia swali limetoka kinywani mwangu nilishikwa na aibu. Lakini mwenzangu uso ulimng'aa. Aliweka vijiti chini, akachukua karatasi ya ukaguzi wa raba, akaigeuza, akachora visiwa vyake nyuma ya karatasi.

Alisema babu yake alifundishwa shuleni kwamba wafalme wao ni uzao wa mungu jua, na habari ikaishia hapo. Baada ya vita kuu watu wakaruhusiwa kuchimba na kuuliza. Ardhini wakakuta kwamba visiwani walikaa kwanza watu wa vyungu, wawindaji na waokota kome, waliokandamiza kamba kwenye udongo mbichi ili chungu kipate mapambo. Vyungu vyao vingine vina zaidi ya miaka elfu kumi. Nikamwuliza na hao walifikaje. Akachora mishale mitatu: kaskazini, magharibi, kusini. Wengine huenda walitembea zamani za baridi kali, bahari ilipokuwa imeshuka, wengine walivuka kwa mitumbwi, na wataalamu bado wanabishana.

"Halafu wakaja watu wa mpunga," akasema, na kuchora mshale mnene kutoka rasi ya Korea mpaka kisiwa chake cha kusini. Hao walikuja na mbegu, baadaye na chuma, miaka elfu mbili na mia kadhaa iliyopita, au zaidi, hapo pia wanabishana. Karibu na kwao wamechimba shamba la kale la mpunga wakakuta nyayo za watu bado ziko kwenye tope lililokauka. Mwalimu aliwapeleka kuziona akiwa darasa la nne. Koga alivua kiatu palepale kantini akanionyesha: unyayo mmoja ulikuwa sawa na wake wa wakati ule.

Nikaangalia huku na huku. Meza ya pili walikuwa wamekaa watu wa zamu nyingine. Nikamshika mkono, nikamwinamia, nikamnong'oneza: "Bwana Koga, usiseme kwa sauti. Usiseme mlitoka ng'ambo. Mtu akisikia watawarudisha."

Alinitazama. Hakucheka, na namshukuru mpaka kesho kwa kutocheka. Aliuliza tu: "Kwa nini?"

Nikasema, kwa sababu mtu akijua ulikuja, anasema si kwako. Kwa nini anasema hivyo? Kwa sababu anataka ardhi. Kwa nini wewe unaogopa, uko Kentucky? Hapo nikaanza kukusanya makombo mezani. Aliposema kwa nini mara ya nne nikamweleza habari za Karaha, na mara ya tano hakuiuliza. Alivaa kiatu chake polepole, akanisogezea bakuli.

"Bakuli hili ni la watu wa vyungu," akasema. "Wali ni wa watu wa mpunga. Nikila, nakula wote wawili. Hata damu yetu imepimwa, wote wamo."

Mimi nikampenda zaidi, lakini sikumwacha. Nilimuuliza kama walichanganyika kwa amani. Akatafuna muda mrefu. Akasema si wote. Kaskazini kuna Waainu, ambao wana zaidi ya ile damu ya kwanza. Karne za baadaye walinyang'anywa ardhi yao na kuzuiwa lugha yao, na hilo, akasema, wao hawalisimulii vizuri. Akaniambia pia kwamba habari zao za kwanza za maandishi ziliandikwa na majirani, Wachina, kwa sababu wenyewe walikuwa bado hawajaanza kuandika. Hapo nilicheka, maana na za kwetu ziliandikwa na Wabelgiji.

Koga alirudi kwao mwezi wa saba. Ile karatasi nikaiweka ndani ya Biblia.

Mwezi wa nane tukafunga safari ya posa. Ijumaa mimi na Gatera tuliendesha mpaka Columbus, kwa kaka yangu mkubwa Ndahiro anayekaa kitongoji cha Reynoldsburg. Yeye ndiye msemaji wetu. Ndahiro anapanga maboksi ghalani siku tano kwa wiki na siku ya sita anapanga watu. Alituketisha sebuleni tufanye mazoezi. Alikuwa na methali za kufungulia, sifa za ng'ombe ambao hatuna, shukrani kwa wenyeji. Nikamwuliza, na swali la Cikuru?

"Nitasema tunatoka Minembwe."

"Na akisema kabla ya Minembwe?"

"Minembwe." Akakunja mikono. "Nyirabeza, weye unajua jibu lilituletea nini."

Gatera alikuwa amekaa kando yangu, anatazama simu yake, lakini nilijua anasikiliza. Nikamtolea Ndahiro ile karatasi ya Koga, nikamweleza yote, vyungu na mpunga na nyayo, mpaka Waainu. Alisikiliza mpaka mwisho, haki yake nampa.

"Hayo ni mambo ya Wachina," akasema.

"Wajapani."

"Wote. Hakuna mtu anawauliza kwenye barrière. Wanaweza kuchora mishale mpaka wachoke." Kisha akaniuliza jambo lililonichoma. "Na bale walisukumwa kaskazini, wanasimulia hivyo hivyo wakicheka?"

Nilimwambia tu kwamba mficha uchi hazai, naye akasema twende tukalale.

Jumamosi ni mwendo wa saa tano mpaka Buffalo. Nyuma ya gari tulipakia vitambaa vya zawadi, na kwenye boksi la barafu dumu la maziwa ya mgando niliyogandisha mwenyewe, kwa sababu mtu wetu haendi kuomba binti bila maziwa, hata kama ng'ombe wake ni wa dukani. Barabara ilipofika kando ya ziwa Erie, Gatera aliyekuwa akiendesha alisema kwa Kiingereza kwamba maji ni makubwa. Ndahiro akamjibu kwamba Tanganyika ni kubwa zaidi. Hakuna aliyesema kingine mpaka tukafika.

Nyumba ya Balagizi ilikuwa ya mbao, ghorofa ya chini, madirisha yote wazi kwa joto. Walikuwa watu kumi na wawili sebuleni, wanaume upande wa televisheni, wanawake upande wa mlango wa jikoni. Kwenye kiti cha pembeni alikaa mama yake Balagizi, ambaye wote walimwita Koko, bibi wa miaka themanini na kitu aliyevaa koti la sufu mwezi wa nane. Aliweka kiganja nyuma ya sikio kila mtu aliposema. Sandrine hakuonekana. Nilisikia vikombe vikigongana nyuma ya mlango nikajua yuko hapo.

Mchungaji aliomba. Ndahiro alitoa methali zake na zilimtoka vizuri, watu wakaitikia. Maziwa yakapokelewa. Soda zikanywewa. Kisha Cikuru akasogeza kiti mbele. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya chini, mtunza wazee kwenye nyumba ya kulelea, na wala hakuwa na uso mbaya. Hilo lilinitisha zaidi.

"Bon. Maombi tumefanya, maziwa tumepokea," akasema. "Miye niko na swali moja. Papa Ndahiro, nyiye mulitokaka wapi, na mulifikaka lini?"

"Tunatoka Minembwe," akasema Ndahiro.

"Na mbele ya Minembwe?"

"Minembwe."

"Papa, nauliza mbele."

Ndahiro akasimama. Funguo za gari zilikuwa mezani, akazichukua. Gatera hakusimama. Aliniangalia mimi, kwa macho yaleyale ya miaka tisa, ya mtoto anayesubiri kofi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikasema, kabla ya kufikiri kama mwanamke anaruhusiwa kusema: "Papa Cikuru, na miye niko na swali. Juu ya nini unauliza?" Hiyo ndiyo kwa nini ya Koga, kwa Kiswahili cha kwetu.

Wanawake wa upande wangu walinong'ona. Cikuru alinitazama.

"Juu nataka kujua kwenye mutoto wetu anaenda."

"Anaenda Louisville. Hilo unalijua. Juu ya nini unataka kujua ya mbele?"

"Juu Sandrine atazaa."

"Na akizaa?"

Koga alisema mara tano, lakini Cikuru alikuwa amefika kwenye mzizi. Aliufuta uso kwa mkono.

"Bale batoto siku moja watarudi kuangalia kule kwetu. Kutakuwa barrière. Mama, miye nilikuwaka mu foule ya watu kwenye barrière, mwaka ule. Niliona mutu mmoja, kijana, anaulizwa hili swali. Alijibu Minembwe. Wakasema mbele? Akasema Minembwe. Walicheka. Miye nilinyamaza, nilikuwa na batoto nyumbani. Sikumujua. Lakini mujukuu wetu akiulizwa, sitaki aseme jibu moja kama mutu anaomba ruhusa. Nataka awe na jibu. Nyiye kama hamuna jibu, mutamupa nini?"

Ndahiro bado alikuwa amesimama na funguo zake. Yule kijana hakuwa Karaha; Karaha hakurudia Minembwe, alilijibu swali lenyewe, tena kwa adabu. Lakini nilimwona Karaha, na kwa mara ya kwanza maishani sikujua nimchukie nani. Nikaanza kusema. Nilisema chini chini, nikitazama soda yangu, nikayaanza yale maneno ya zizini.

"Miye sisikie," akasema Koko kutoka pembeni. "Mama, sema nguvu."

Dirisha nyuma yake lilikuwa wazi. Nje, kwa jirani, watu walikuwa wakichoma nyama, na mtu alikuwa akipita na mbwa. Nikakumbuka nilivyomshika Koga mkono kantini. Nikaweka soda chini, nikasimama, nikasema kwa sauti niliyokuwa nikiitumia mtoni kuita ng'ombe.

"Huyu ni Gatera wa Karaha. Karaha wa Ngarambe, Ngarambe wa Sebasaza, Sebasaza wa Rutambwe, Rutambwe wa Bihira. Bihira alivuka mto Ruzizi kutoka ng'ambo na ng'ombe wake, akakuta watu. Bibi alisema alitoa fahali mmoja ili apewe majani, akakaa. Mwaka sijui. Wengine wanasema miaka mia moja na hamsini, wengine zaidi sana, na vitabu havikubaliani. Kila nchi ina watu wa vyungu na watu wa mpunga, Koko, nina rafiki Mjapani amenichorea. Sisi tulikuja. Tulikuja, tukazaa, tukazika hapo. Hilo ndilo jibu, na mtoto atapewa lote."

Mtu mwenye mbwa hakusimama hata kidogo.

"Donc, mulikuja," akasema Cikuru polepole.

"Tulikuja."

Ndahiro alifumba macho. Kisha Koko akatoa kiganja sikioni, akampiga Cikuru kwenye goti kwa vidole viwili, kama anavyopigwa mtoto anayechelewa kula.

"Na sisi tulikuja," akasema. "Baba yako alisemaka bami, wafalme wetu, walitoka kule Lwindi. Haukumuulizaka walikuta nani kule walifika. Cikuru, muache bantu bakae. Muite Sandrine."

Mlango wa jikoni ulifunguka kabla hajaitwa mara ya pili, na wanawake wakaanza vigelegele. Ndahiro alirudisha funguo mezani, akaketi, akaomba soda nyingine. Katikati ya kelele hizo Gatera alinisogelea mpaka bega lake likagusa langu. Sandrine alikuwa anaingia na trei, na bado Gatera alikuwa amenigeukia mimi.

"Tantine," akasema, kwa Kiswahili, taratibu, "na mbele ya Bihira?"

"Sijui," nikamwambia. "Tutauliza."